Miguu Miwili Juu ya Breki

Nilianza kuiogopa trekta yetu Jumanne moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya madigadi yake. Mkono mmoja ulishika chuma cha taa, mwingine ulishika kitambaa changu cha kichwa kisipeperuke. Mume wangu alikuwa anaendesha. Tulikuwa tunateremka kutoka shamba letu la juu kwenda nyumbani, si mbali na soko la Kosele, na nyuma tulivuta trela yenye magunia machache ya viazi vitamu. Trekta ilikuwa na miezi miwili tu kwetu. Kiti chake bado kilikuwa na nailoni ya dukani, kwa sababu mume wangu alikataa itolewe.

Niliona mguu wake ukikanyaga breki. Nikauona ukikanyaga tena. Mara ya tatu aliinuka kitini, akaweka uzito wake wote kwenye mguu ule, na trekta haikupunguza mwendo. Iliongeza. Trela ilikuwa inatusukuma, na msukumo huo niliusikia kwenye mifupa ya kiuno, kama mtu aliyesimama nyuma yangu akinihimiza nitoke mlangoni.

Mbele palikuwa na kona, na baada ya kona palikuwa na boma la jirani, mlango wake ukitazama njia. Watoto wake wadogo hucheza pale. Mume wangu alikata usukani kushoto, akaiingiza trekta katika ua wa minyaa. Matawi yakavunjika, trela ikatugonga kwa nyuma, na trekta ikasimama pua yake ikiwa imechoma tuta la udongo. Utomvu mweupe ulinirukia mkononi na shavuni. Kwetu kila mtu anajua utomvu ule ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, kwa hiyo nilikaa nimefumba macho mpaka aliponipangusa uso kwa shati lake.

"Umeona?" akasema. "Imesimama."

"Imesimamishwa na ua."

"Breki mpya ni hivyo, nyar Muhuru. Zinahitaji kuzoeana na gurudumu."

Halafu akacheka. Ndivyo anavyoniita, binti wa Muhuru, kwa kuwa nilizaliwa Muhuru Bay, kule ziwani karibu na mpaka wa Tanzania. Akiniita hivyo huwa nasamehe mambo mengi. Siku ile sikusamehe, lakini pia sikusema kitu. Nilimwangalia akicheka, na nikajiambia kwamba mtu aliyeendesha malori zaidi ya miaka ishirini, akapanda na kushuka milima yote ya nchi hii, anajua breki kuliko mimi.

Lazima niseme ukweli: mimi ndiye niliyeitaka ile trekta zaidi. Yeye alikuwa amerudi nyumbani kupumzika, na angeridhika kukaa na redio yake na ng'ombe wawili. Mimi ndiye niliyechoka kungoja zamu ya maksai wa watu kila msimu, mvua inanyesha shamba likiwa halijaguswa. Trekta kubwa zinazojulikana hatukuziweza, hata zile kuukuu. Ndipo kaka yangu wa Muhuru Bay akaniuzia wazo. Alikuwa amepata trekta ndogo, mpya kabisa, ya kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka jina lake sawasawa, na bei yake ilikuwa ya kushangaza. Ziliuzwa kwenye uwanja mmoja mjini Migori.

"Nyaminwa," aliniambia kwenye simu, maana ndugu zangu huniita hivyo, dada yetu, "hiyo tinga inakunywa dizeli tone tone kama ndege wa mtini. Kila siku mimi nafanya nayo kazi. Sijajuta."

Tulikwenda Migori tukaiangalia. Mume wangu alifungua boneti, akagonga bati kwa kucha. "Jepesi," akasema. Akaitikisa ngazi ya kupandia, ikacheza. Kisha muuzaji akaiwasha, na injini ikashika mara moja, ikanguruma vizuri, na uso wa mume wangu ukalegea. "Lakini injini ni injini," akasema. Mimi tayari nilikuwa naona shamba limelimwa.

Kwa hiyo baada ya ile siku ya minyaa, woga wangu ulikuwa na lawama ndani yake. Likitokea jambo, mimi ndiye niliyelileta nyumbani.

Mambo mengine yalifuata, madogo madogo. Boliti zililegea zenyewe. Kila jioni mume wangu alizunguka trekta na spana akizikaza, na asubuhi nyingine zilikuwa zimelegea tena. Dizeli ilikuwa inaingia hewa, injini inazima bila sababu katikati ya kazi. Baya zaidi, gia ya kwanza ilikuwa inaruka. Unaiweka, unaanza kupanda, na ghafla rungu la gia linarudi katikati lenyewe, trekta inabaki haina kinachoishika. Kwa kila moja alikuwa na maelezo. Hewa ni dizeli chafu ya pipani. Boliti ni barabara mbovu. Gia ni mimi kuongea naye wakati anaendesha.

Nilijifunza kusikiliza. Nikiwa jikoni nilikuwa najua yuko wapi kwa mlio. Mlio mzito, anapanda. Mlio mwepesi, amefika juu. Ukikatika, mimi nilisimama nilivyo, mwiko hewani, nikahesabu pumzi mpaka urudi. Siku moja ulikatika nikaacha ugali ukaungua, na aliporudi akaniuliza kwa nini nyumba inanuka. Nikamwambia kuni zilikuwa mbichi.

Nikaamua kwenda kuuliza watu wengine wenye trekta kama yetu. Nilitaka kusikia kwamba ni kawaida, au nilitaka kusikia kwamba si kawaida. Mpaka leo sijui ni lipi. Muuzaji wa Migori alikuwa ametutajia mteja wake mmoja, mkulima upande wa Isebania, akisema tukiwa na shaka tumuulize. Mume wangu hakuwa na shaka wakati ule. Nilimwambia naenda Migori kununua mbegu, nikaenda.

Mkulima yule ni Mkuria, mtu mzima mwenye kifua kipana, na kwa kuwa yeye hajui Kijaluo wala mimi Kikuria, tulizungumza Kiswahili. Alinipokea vizuri. Alinipeleka mpaka kwenye kibanda cha trekta na kuipiga kofi ubavuni.

"Mama, hii kitu ni dume," akasema. "Inalima asubuhi mpaka jioni. Mimi sina lawama nayo hata kidogo."

"Na breki, mzee?"

"Breki iko."

"Na kwenye mteremko?"

"Dereva akiwa mzuri, mteremko si kitu."

Ilikuwa sawasawa na yetu, isipokuwa mbele, chini ya taa, palikuwa pamefungwa kipande kikubwa cha chuma kwa minyororo. Juu yake kulikuwa na tofali la saruji. Nikamuuliza ni cha nini.

"Ni urembo tu," akasema, akaangalia kwingine.

Mkewe aliniita jikoni ninywe chai. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alifunga mlango nusu kabla ya kuketi. Alinimiminia chai, kisha akaniuliza moja kwa moja, "Yako imeshasimama?"

"Imesimama vipi?"

"Kama mbuzi anayekula majani ya mti. Miguu ya mbele juu." Akainua mikono yake miwili kunionyesha. "Plau ilishika kisiki, mbele ikanyanyuka. Yeye akaanguka kando. Kama angeanguka nyuma, leo usingemkuta. Alilala wiki tatu, mbavu. Ndiyo tukafunga ile chuma, ikae chini."

Niliweka kikombe chini. "Lakini ameniambia hana lawama."

"Kila anayekuja kuuliza anamwambia hivyo."

"Kwa nini, dada?"

Aliutazama mlango kwanza. "Ndugu zake walimkataza asiinunue. Walikaa hapa hapa wakamkataza, akainunua. Sasa atasema nini? Akisema mbaya, atakuwa amesema wao walikuwa sawa."

Nilipoaga, mzee yule alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono, akaniambia nimsalimie mume wangu na nimwambie hakufanya makosa. Nilimwonea huruma, na pia nilimwogopa, kwa sababu nilijiuliza ni wangapi walikuja kabla yangu wakaondoka wakiwa wameamini.

Badala ya kurudi nyumbani nilikwenda Muhuru Bay. Sikuwa nimepanga. Kaka yangu nilimkuta ufukweni, na trekta yake ilikuwa inavuta mashua kuitoa majini, polepole, watu wakiisukuma kwa pande zote mbili na kucheka. Wanawake walikuwa wanaanika omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye nyavu. Nilisimama nikatazama. Pale chini mchanga ni sawa kama meza. Magurudumu yalizama kidogo, mashua ikatoka, kazi ikaisha.

"Breki zako zikoje?" nilimuuliza hata kabla ya salamu kukamilika.

"Breki?" Akacheka. "Nyaminwa, mimi hata sijui kama ziko. Nikitoa mguu kwa mafuta, mchanga unaisimamisha."

Nikamweleza habari ya minyaa, na gia inayoruka, na mbavu za yule mzee. Alicheka mwanzoni, kisha akaacha. Alikuwa hajanidanganya. Aliniambia ukweli wote aliokuwa nao, ila ukweli wake ulikuwa wa mchangani, na mimi niliuchukua nikaupandisha mlimani.

"Shemeji anasema nini?"

"Anasema zinahitaji kuzoeana."

Akaokota kipande cha wavu, akakikunja, akakikunjua. "Mwambie asipande mlima na trela yenye mzigo."

"Mwambie wewe. Wewe ni mwanamume, na trekta unayo."

"Siwezi, nyaminwa. Mimi nimfundishe shemeji kuendesha? Mtu wa malori? Ataona nimemdharau." Ndivyo tulivyo na mashemeji wetu, heshima inakaa katikati kama ukuta. Nilirudi Kosele na woga wangu mwenyewe, sasa ukiwa mkubwa mara mbili.

Nilimwambia mume wangu nilikokwenda. Alikuwa anakula. Aliweka tonge chini.

"Umeenda kuuliza watu habari za mume wako?"

"Habari za trekta."

"Ni kitu kimoja. Ukimwambia mtu trekta imetushinda, ni nani imemshinda? Ni mimi."

"Yule mzee alivunjika mbavu."

"Yule mzee alikuwa mkulima wa jembe. Mimi nimeshuka milima na tani thelathini nyuma." Hakupaza sauti. Angepaza ningeweza kumjibu. Aliinuka, akanawa mikono, akaenda kukaza boliti.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, aliondoka asubuhi kwenda shamba la chini, lile lililo kando ya kijito. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja sokoni Jumapili alfajiri, na viazi vilikuwa vimechimbwa na kutiwa magunia tangu Ijumaa. Majirani zetu wengi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi njia huwa tupu. Sisi husali Jumapili. Nilikuwa uani napepeta wimbi. Kutoka kanisani nilisikia nyimbo, na kutoka bondeni nilisikia trekta. Mlio mzito. Anapanda.

Ukakatika.

Nilisimama na ungo mkononi. Wakati mwingine husimama kuongea na mtu njiani, lakini Jumamosi ile hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Nikangoja. Kanisani wakamaliza wimbo mmoja, wakaanza mwingine. Nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikauweka ungo chini, nikaanza kutembea. Nilitembea kwanza, kwa sababu niliona nikikimbia nitakuwa nimekubali kwamba jambo limetokea. Nilipofika kwenye mteremko nikakimbia.

Nilimwona kutoka juu. Trekta ilikuwa katikati ya kilima, pua ikinitazama, trela nyuma imejaa magunia. Yeye alikuwa amekaa kitini, wima kabisa, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakugeuka. Hakuinua mkono. Kwa hatua kumi hivi nilidhani amekufa akiwa amekaa.

"Usije nyuma," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na tulivu, kama ya mtu anayeongea na ng'ombe mkali. "Usije nyuma ya trela. Pita mbele hapa, polepole."

Nikamkaribia, ndipo nikaelewa. Injini ilikuwa imezima, gia ikaruka, na alikuwa ameishika trekta kwa breki peke yake. Mguu mmoja haukutosha. Alikuwa ameweka miguu yote miwili juu ya breki, mgongo umebanwa kwenye kiti, na kwa hiyo hakuwa na mguu wa kukanyaga klachi airudishe gia. Handibreki aliivuta mwanzo kabisa, ikaja yote mkononi bila kushika kitu. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo uliokaribia kugusa tairi. Kulia kulikuwa na korongo. Angeinua miguu aruke, ingeanza kurudi kabla hajatoka kitini, na trela ingejikunja, na yote yangeishia kwenye mawe ya kijito, naye chini yake.

Suruali yake ilikuwa inatetemeka kuanzia magotini. Nilitazama mapaja yake yakiruka yenyewe, na hilo ndilo lililonitisha kuliko korongo. Miguu huchoka. Hakuna mume ambaye miguu yake haichoki.

"Una muda gani hapa?"

"Sijui. Wameimba nyimbo nyingi."

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga. Wao pia wanapiga." Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka katikati. "Simu iko kwenye koti, koti liko kwenye trela. Nimeisikia ikiita. Sasa sikiliza. Tafuta jiwe. Si la duara. La pembe, kubwa utakaloweza kubeba. Uliweke nyuma ya tairi hili la kushoto. Uliweke kwa mikono miwili, utoe mikono, ndipo uniambie."

Nilikimbia nikapata jiwe, nikalibeba kifuani, likanichuna. Nafasi kati ya tairi na ukingo ilikuwa ndogo, ikabidi nilale kwa tumbo. Uso wangu ulikuwa karibu na mpira ule mweusi, nikaona meno ya tairi na udongo mbichi katikati yake, nikanusa dizeli. Nililisukuma jiwe mpaka likagusa. Nikatoa mikono.

"Tayari."

Alilegeza kidogo, kidogo sana. Tairi likarudi, likapanda juu ya jiwe, na jiwe likazama kwenye changarawe laini na kuteleza kando kama kipande cha sabuni. Trekta ikarudi shibiri moja, labda mbili. Alikanyaga tena akitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Trela ilifanya krii. Gunia moja likaanguka, likapasuka, na viazi vikaanza kubingirika kuteremka mlima. Tulivisikia sote wawili, kimoja kimoja, vikitumbukia majini.

Nilikuwa bado nimelala chini, mkono wangu ukiwa kando tu ya pale jiwe lilipokuwa. Nilijitazama vidole. Vyote vilikuwepo.

Niliinuka. Nikaona kwamba uzito uko kwenye trela, na trela isiposhikwa kwanza, mawe yote mengine ni bure. Yeye pia alijua. Ameendesha maisha yake yote na utingo anayeruka chini na gogo kila lori linaposimama kwenye mlima. Hakutaka kunituma. Nikamwambia, "Napita mbele kutafuta jiwe lingine," nikashuka ndani ya korongo, nikazunguka, nikatokea nyuma ya trela, pale aliponikataza.

Kuanzia pale chini ilionekana kubwa kama nyumba. Nilichukua mawe ya kijito, yale mapana. Nilikuwa nasali kwa Kijaluo, bila mpangilio, nikimwambia Mungu kwamba mimi ndiye niliyeitaka, si yeye. Niliweka la kwanza nyuma ya gurudumu la kulia la trela, nikalikandamiza kwa kisigino mpaka kisigino kikauma. La pili kushoto. Nikaongeza jingine nyuma ya kila moja, ili la mbele lisiteleze.

"Uko wapi?" akaita.

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Nyuma."

Kisha nikasikia analia. Hakulia kwa nguvu. Nilipanda upesi, nikaweka mawe mapya nyuma ya tairi za trekta yenyewe, mawili kila upande, nikasimama mbele yake anione.

"Toa mguu mmoja," nikamwambia.

Akatoa. Trekta ikashusha pumzi, ikaketi juu ya mawe, ikatulia.

"Toa wa pili."

"Ikirudi, wewe ruka kwenye korongo. Usinishike."

"Toa."

Akatoa. Haikurudi. Tuliingoja, tukiitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Haikurudi. Lakini hakuweza kushuka, miguu haikumsikia. Nilipanda nikamshika makwapani, nikamteremsha kama gunia, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi za juu ya ukingo. Viatu vyake vilikuwa vimeacha alama kwenye vyuma vya breki, rangi imechubuka kabisa.

Tulikaa pale. Kanisani walikuwa wameacha kuimba, sasa mtu alikuwa anahubiri. Baada ya muda mume wangu akasema, "Nilikuwa naogopa."

"Najua. Hata mimi."

"Si leo. Tangu kwenye minyaa." Alikuwa anasugua mapaja yake. "Nilimpelekea fundi. Mara mbili. Ile siku nilikuambia nimeenda kutia hewa kwenye tairi, nilikuwa kwa fundi. Alifungua breki akaniambia ni nyembamba kama biskuti, na spea haziko Homa Bay nzima. Nikamwambia azifunge tu."

Nilimtazama. Miezi ile yote mimi nilikuwa nimeficha woga wangu jikoni, na yeye ameficha wake chini ya kiti cha trekta, tukala meza moja. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimfunga kitambaa changu kwenye goti, ingawa goti halikuwa na jeraha lolote.

Mchana watu walipotoka ibadani walikuja na nguo zao za kanisani. Waliyabeba magunia mabegani mpaka barabarani, na trela ikiwa tupu waliiteremsha trekta kwa kamba na magogo, kila mtu akitoa amri.

Hatukuiuza. Watu hunishangaa nikisema hivyo. Mume wangu alisema hawezi kumuuzia mtu kitu kilichomkalisha vile, na kuitupa hatukuweza. Alipata fundi mwingine Migori, mzee wa malori kama yeye, ambaye alikata kipande cha breki za lori akakitengeneza kiingie. Sasa zinashika, si sana. Gia bado inaruka. Mbele tulifunga chuma kama cha yule mzee wa Isebania. Kwa shamba letu la mlimani tulirudia maksai, na trekta tuliipeleka kwenye tambarare ya kando ya ziwa, njia ya kwenda Mbita, ambako ardhi ni nyeusi na imelala. Huko inalimia watu, na mume wangu hukaa huko wakati wa msimu.

Watu humuuliza kama ni nzuri, kama wanunue. Huwa wanataka neno moja. Yeye huwauliza kwanza shamba liko wapi, lina mawe, lina mteremko, fundi wako ni nani na yuko umbali gani. Kisha huwaambia kwamba injini haijamsumbua, hewa ikitolewa, na kwamba mengine yote ni ya kuchunga. Wengine huondoka wamekasirika, wakidhani anawanyima. Mmoja alimwambia, "Wewe mzee hutaki wenzako waendelee." Alinunua yake hata hivyo. Shamba lake liko kwenye kilima kikali kuliko chetu, na kila nikipita huko naangalia upande mwingine.

Mimi sijapona. Nikiona trekta yoyote inapanda mlima, hata ile kubwa ya kampuni ya miwa, mikono yangu inatoka jasho. Msimu uliopita nilikwenda kumpelekea mume wangu chakula kule tambarare, na nikamwambia nataka anifundishe kuiendesha. Alidhani natania. Nikamwambia nimechoka kuogopa kitu nisichokijua, afadhali nikiogope nikikijua.

Alinipandisha kitini. Nilitazama chini nikaona kila kitu kiko mbali kuliko nilivyodhani. Akanionyesha klachi, akanionyesha mafuta. Yeye alitembea kando, mkono juu ya madigadi, na mimi nikaenda mwendo wa kobe kwenye ardhi iliyolimwa, upepo wa ziwa ukinipeperushia gauni. Mwisho wa shamba akaniambia nisimame. Nilikanyaga breki kwa mguu mmoja, ikakataa. Nikaongeza wa pili. Nikasukuma mpaka mgongo ukagonga kiti, na ndipo, polepole, kama isiyotaka, ikasimama.

Niliteremka nikishikilia madigadi.

"Vipi?" akauliza.

"Ni ngumu sana."

"Si nilikuambia?"

"Hukuniambia," nikasema.

"Kweli," akasema. "Sikukuambia."